Rasi Isiyo na Hasira

Ramani za Kiingereza huiita Cape Wrath. Mpe jina hilo kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne, atakutafsiria papo hapo: Rasi ya Hasira. Akiziona na picha zake ndiyo kabisa, hutamtoa hapo. Majabali meusi yameinama juu ya bahari, mawimbi yanapasuka chini yake mwaka mzima, na pepo za Atlantiki zinavuma bila kukutana na mti hata mmoja wa kuzipunguza kasi. Hii ndiyo kona ya kaskazini-magharibi kabisa ya Uskoti bara. Ukivuka hapo kuelekea kaskazini, mbele yako ni maji tu mpaka kwenye barafu.

Kumbe hasira haimo kwenye jina. Waviking waliokuwa mabwana wa bahari ile miaka elfu moja iliyopita walipaita hvarf, maana yake mahali pa kugeukia. Walitoka Norwe, wakapita visiwa vya Orkney, wakaambaa na pwani kuelekea magharibi, na walipoiona rasi hii wakajua sasa ni wakati wa kugeuza omo kwenda kusini, kwenye visiwa vya Hebrides na Ireland. Wagaeli wakalipokea neno lile na kulitamka kwa ulimi wao, Parbh. Nyika iliyo nyuma ya rasi inaitwa Parph mpaka leo. Kisha wakaja wachora ramani wa Kiingereza, wakasikia sauti, wakatafuta katika lugha yao neno linalofanana nayo, wakaandika "hasira". Neno la baharia likageuzwa kuwa tabia ya mahali.

Jina la jimbo zima lina kituko kama hicho. Linaitwa Sutherland, yaani nchi ya kusini, na liko karibu na ncha ya kaskazini ya Uskoti bara! Ukishangaa, jiulize aliyelipa jina alikuwa amesimama wapi. Alikuwa Orkney, kaskazini zaidi, akitazama ng'ambo ya maji. Kwake huku kulikuwa kusini kweli.

Nimeanza na majina kwa sababu kuna neno jingine ambalo rasi hii imebandikwa, na hilo limeleta madhara kuliko "hasira". Ni neno "tupu". Vitabu vya wasafiri, vipeperushi vya utalii, hata watu wenye nia njema kabisa, wote huisifu kwa utupu wake: pori la mwisho la Uingereza, ardhi isiyoguswa. Mimi nasema utupu ule una historia, una watu walioutengeneza, na sehemu kubwa yake ina tarehe. Na fasihi, hii tunayoipenda sote humu, ilikuwepo wakati kazi hiyo inafanyika.

Tuanze na kile ambacho hakina tarehe ya binadamu. Mwamba wa rasi yenyewe ni wa aina inayoitwa gneiss, jiwe la kijivu lenye mishipa ya waridi, na baadhi yake lina umri unaokaribia miaka bilioni 3. Ni miongoni mwa mawe ya kale zaidi barani Ulaya. Ukienda mashariki kidogo unafika Clò Mòr, na hapo jiwe linabadilika kuwa mchanga mgumu mwekundu, uliolazwa tabaka juu ya tabaka na mito iliyokauka takriban miaka bilioni 1 iliyopita. Majabali ya Clò Mòr yana mita 281 kutoka juu hadi majini. Hesabu jengo la ghorofa tisini. Hakuna majabali ya bahari marefu kuliko hayo katika kisiwa kikuu cha Uingereza.

Kwenye kuta hizo, kuanzia masika hadi katikati ya kiangazi, wanapanga ndege wa baharini kwa maelfu. Nasema wanapanga kwa sababu ni kama nyumba za kupanga Manzese: kila mmoja na chumba chake, na kelele ni za wote. Pafini, yule mwenye mdomo wa rangi rangi kama amepakwa kwa ajili ya sherehe, anachimba shimo kwenye udongo wa juu na kutaga humo. Shakwe wadogo wanashikiza viota kwenye vijipembe vya mwamba. Guillemot, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, yeye hajengi kitu. Anataga yai moja juu ya jiwe tupu. Kinda akifika kama wiki tatu, mabawa hayajakomaa na kuruka hajui, anajirusha kutoka juu mpaka baharini. Baba yake yuko chini anamsubiri na kumwita, na akishatua wanaogelea pamoja kwenda kina kirefu. Kuanzia hapo malezi ni ya baba, kwa wiki kadhaa.

Nilifika huko kiangazi kimoja nilipokuwa masomoni Edinburgh. Kufika si mchezo. Basi linakuacha kijiji cha Durness, unavuka mlango wa bahari kwa boti ndogo ya abiria ambayo haipakii gari, na ng'ambo unapanda kihiace kinachokwenda taratibu kwenye njia ya mawe yenye urefu wa kilomita kama 18. Inachukua karibu saa nzima. Njiani hakuna duka, hakuna kijiji, kuna kulungu wekundu wanaoinua vichwa na kuendelea na shughuli zao. Abiria mmoja nyuma yangu alisema kwa furaha kwamba hajawahi kuona mahali Mungu alipopaacha hivi hivi. Dakika chache baadaye tulipita kuta za mawe zilizobomoka, nusu zimemezwa na majani. Hakuna aliyeuliza zilikuwa za nani.

Mwisho wa njia ile kuna mnara wa taa. Ulijengwa na Robert Stevenson, mhandisi mkuu wa minara ya Uskoti, na taa yake iliwaka mara ya kwanza mwaka 1828. Mnara wenyewe una mita 20 tu, lakini umekaa juu ya jabali, kwa hiyo taa iko mita 122 juu ya bahari. Ilihitajika haswa. Meli zilizotoka bandari za Baltiki na Bahari ya Kaskazini kwenda Amerika zilikuwa zikizunguka huku juu, na usiku wa dhoruba baharia hakuwa na namna ya kujua kama ameshafika mahali pa kugeukia au bado. Wale walinzi wa taa, na familia zao, waliishi pale kwa zamu miaka 170, mpaka mwaka 1998 mashine ilipochukua kazi yao.

Jina Stevenson halikupiti hivi hivi kama wewe ni msomaji. Robert alikuwa babu wa Robert Louis Stevenson. Mzee alifariki Julai 1850, mjukuu akazaliwa Novemba mwaka uleule, hawakuonana. Kijana naye alipelekwa kusomea uhandisi ili aendeleze kazi ya ukoo, akaitoroka, akaandika Treasure Island. Riwaya hiyo tunayo nyumbani tangu mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Mfasiri wake, Frederick Johnson, alikuwa ofisa wa elimu Tanganyika, na mwaka mmoja baadaye akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha, ile iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Kwa hiyo babu zetu waliosoma darasani kisa cha John Silver na mguu wake mmoja walikuwa wakisoma, bila kujua, kazi ya mtoto wa nyumba ile iliyojenga taa za pwani hii.

Lakini kabla ya mnara alikuja mwandishi mwingine. Mwaka 1814 wakuu wa shirika la minara walifunga safari ya wiki sita kuzunguka kaskazini ya Uskoti kukagua taa zilizokuwepo na kutafuta mahali pa taa mpya. Robert Stevenson alikuwamo. Mgeni wao alikuwa Walter Scott, mshairi aliyesifika kuliko karibu wote wa zama zake. Scott alikuwa ametoka kuchapisha riwaya yake ya kwanza, Waverley, mwezi Julai, bila kuweka jina lake. Agosti jahazi lao likafika kwenye rasi hii, wakaiangalia kama panafaa kujengwa mnara. Aliingia na kwenye pango kubwa la Smoo, karibu na Durness. Aliandika shajara safari nzima, na baadhi ya aliyoyaona visiwani aliyatumia baadaye katika riwaya ya The Pirate.

Waverley inahusu nini? Inahusu uasi wa mwaka 1745, na Wagaeli wa milimani waliobeba panga kumfuata mwana wa mfalme aliyeshindwa. Ni riwaya iliyomfanya msomaji wa Edinburgh na London, na baadaye wa Ulaya nzima, awapende watu wa milimani: mashujaa, wakarimu, waaminifu, na kwa bahati nzuri ya msomaji, watu wa zamani. Umepita ulimwengu wao, tunaweza kuulilia kwa raha.

Sasa weka tarehe pamoja. Waverley ilitoka Julai 1814. Mwezi mmoja kabla, Juni 1814, katika bonde la Strathnaver lililo mashariki ya rasi, jimbo hilohilo la Sutherland, nyumba za Wagaeli wenye uhai wao zilikuwa zinachomwa moto.

Ardhi ya Sutherland ilikuwa mali ya Countess Elizabeth na mumewe, mmoja wa watu matajiri kuliko wote Uingereza. Washauri wao walikuwa wamepiga hesabu: kondoo analipa kuliko mkulima mpangaji. Basi watu wa mabonde ya ndani wakaamriwa wahamie kwenye vipande vyembamba vya ardhi ya pwani, wakajifunze uvuvi huko, na mabonde wapewe wafugaji wakubwa wa kondoo. Msimamizi Patrick Sellar alikwenda Strathnaver na watu wake kuwatoa waliobaki. Naye huyo Sellar ndiye aliyekuwa amekodi malisho hayo kwa kondoo wake. Makuti ya pale ni mboji na nyasi, boriti ni za mbao, na katika nchi isiyo na miti boriti ndiyo utajiri wa nyumba. Ukiichoma, mwenyewe hawezi kujenga tena. Mashahidi walieleza habari za bibi kizee aliyekaribia miaka mia, Margaret Mackay, aliyetolewa ndani nyumba ikiwa imeshika moto. Siku chache baadaye akafa. Sellar alishtakiwa Inverness mwaka 1816. Akaachiwa huru.

Sisemi Scott alijua akanyamaza. Ninachosema ni kwamba kiangazi kilekile, katika pwani ileile, kulikuwa na kalamu mbili zinazofanya kazi. Moja iliandika kuwa Wagaeli wamepita. Nyingine, ya karani wa mashamba, ilikuwa inahakikisha kweli wanapita. Msomaji alinunua ya kwanza, ya pili hakuiona.

Tena Wagaeli walikuwa na fasihi yao, na si mbali. Kilomita chache kutoka mahali boti inapoanzia safari kuna ufuo wa mchanga mweupe wa Balnakeil, na juu yake magofu ya kanisa. Hapo amezikwa Rob Donn Mackay, yaani Rob wa nywele za kahawia. Alizaliwa mwaka 1714, akafa 1778. Alikuwa mchunga ng'ombe, na maisha yake yote hakujua kusoma wala kuandika. Hakujua Kiingereza. Na alikuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kigaeli wa karne yake.

Alitunga kichwani, watu wakahifadhi kichwani, na wachungaji wa kanisa na watu wa nyumba zao wakaandika. Hakuwa malenga wa kusifia mabwana tu. Aliwasema. Kuna utungo wake maarufu kuhusu ndugu watatu wa Rispond, mashariki ya Durness, wazee wasiooa, matajiri wasiompa maskini hata tonge. Umetungwa kwa umbo la maombolezo, lakini ukiusikiliza vizuri huna uhakika nani analiliwa. Aliwinda kulungu katika nyika ya Parph wakati kulungu wakiwa tayari wamefanywa mali ya wakubwa, na hilo lilimtia matatani. Katika tungo zake rasi hii haina utupu wowote. Ina majirani, wachumba, madeni, wachungaji wazuri na wabaya, umbea wa harusi, njia za ng'ombe kwenda mnadani. Mtu anayetaka kujua nyika ile ilikuwaje kabla haijaitwa pori, aanzie kwa mchunga ng'ombe huyo.

Hebu tazama miaka miwili tu. Mwaka 1828 taa ya Stevenson ikawashwa. Mwaka 1829 tungo za Rob Donn zikachapishwa kitabu kwa mara ya kwanza, miaka zaidi ya hamsini baada ya kufa kwake, na mashabiki wake wakamjengea mnara wa kumbukumbu Balnakeil, wenye maandishi ya Kigaeli, Kiingereza, Kilatini na Kigiriki. Mwaka huohuo wa 1829, bwana wa ukoo wa Mackay, Lord Reay, aliyeelemewa na madeni, akaiuza nchi yote hiyo, rasi ikiwemo, kwa wenye Sutherland. Mshairi alipewa jiwe katika lugha nne. Watu waliozijua tungo zake kwa moyo wakapewa mwenye ardhi mpya.

Si kwamba walikubali kimya. Mwaka 1841 mpangaji mkubwa aliyekuwa na biashara ya samaki palepale Rispond aliamua kuwatoa watu wa Durness ili aongeze kondoo. Ofisa wa mahakama alipoleta hati, wanawake wakamzunguka na kumrudisha alikotoka. Wakaletwa askari wa dharura. Umati ukawatimua usiku. Mpaka serikali ilipotishia kuleta jeshi ndipo mambo yakatulia, kwa namna ile ambayo jeshi hutuliza mambo. Wakati huohuo fundi mwashi mmoja wa Strathnaver, Donald Macleod, aliyeyaona ya Sellar akiwa kijana, alikuwa akituma barua baada ya barua kwenye gazeti la Edinburgh, akisimulia bonde kwa bonde. Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nisamehewe nikisema kwamba katika maandishi yote ya Kiingereza kuhusu nchi hii, barua za yule fundi ndizo ninazoziamini zaidi. Anataja majina ya wenye nyumba.

Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu watu zaidi ya 25,000 Sutherland, wengi wakiwa wamebanwa pwani. Leo wako kama 13,000, katika eneo linalozidi kilomita za mraba 5,000. Wanaozungumza Kigaeli katika Uskoti nzima hawafiki laki moja.

Na utupu ukishapatikana, hupata matumizi. Tangu miaka ya 1930 jeshi la Uingereza limeifanya sehemu ya rasi hii kuwa uwanja wa mazoezi. Kisiwa kidogo cha An Garbh-eilean, karibu na majabali ya Clò Mòr, kinapigwa mizinga ya meli na mabomu halisi ya ndege. Sehemu za kufanya hivyo Ulaya ni chache mno. Siku za mazoezi njia hufungwa, na msafiri hana la kufanya ila kurudi zake. Nilipopita niliona kibanda cha mlinzi kando ya njia, kizuizi chake kimeinuliwa siku ile. Bomu linahitaji mahali ambapo hakuna mtu. Mahali hapo palishaandaliwa na kondoo miaka mia kabla.

Hata ndege wale tuliodhani wako nje ya hesabu za binadamu hawako nje. Mwaka 2022 mafua ya ndege, ugonjwa ulioanzia kwa ndege wa kufugwa, yaliwapiga ndege wa baharini wa Uskoti. Skua mkubwa, ndege shupavu anayewapora wenzake samaki hewani na ambaye idadi kubwa ya wote duniani huzaliana Uskoti, alipungua kwa zaidi ya robo tatu katika maeneo yaliyohesabiwa Uingereza.

Mwaka 2013 Wizara ya Ulinzi ilitaka kununua ardhi inayouzunguka mnara wa taa. Ingefaulu, ncha ya rasi ingekuwa mikononi mwa jeshi. Watu wa Durness, kijiji cha watu mia kadhaa, wakasema hapana. Walitumia sheria ya Uskoti inayozipa jamii haki ya kuomba kununua ardhi yao wenyewe kabla ya wengine, sheria iliyozaliwa, kwa sehemu kubwa, na kumbukumbu ya moto wa akina Sellar. Wizara ikajiondoa. Si ushindi wa kupigia ngoma; uwanja wa mabomu bado upo. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu watu wa pale kusimama mbele ya mwenye nguvu na hati mkononi, na hati ikawa upande wao.

Kwa hiyo ukikutana na picha ya Cape Wrath mtandaoni, jabali, ukungu, shakwe mmoja, na maneno ya kusifu pori lisiloguswa, furahia picha. Kweli ni pazuri, hakuna anayebisha. Kisha tafuta tafsiri ya Rob Donn. Zipo za Kiingereza, na nijuavyo mimi ya Kiswahili bado. Mtu humu mwenye sikio la ushairi na subira ya kamusi anaweza kuanza na wale mabahili watatu wa Rispond. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji maelezo marefu kuwaelewa.